Fisi wa bustanini anazunguka njia moja kutwa: ni njaa, baridi au kukosa kazi?

Mwalimu Chaki (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kwenye bustani ndogo ya wanyamapori huku kwetu Mbeya. Jina naliacha, sikuja kumshtaki mtu. Tulimkuta fisi madoa kwenye kizimba cha waya, kwa kukisia ni hatua kumi na mbili kwa nane. Alikuwa anatembea. Anatoka kona ya mlango, anafuata waya hadi kona yenye tangi la maji, anageukia kushoto, anagusisha shingo kwenye nguzo ileile, anarudi. Tulisimama pale dakika ishirini, hakukatisha hata mara moja. Njia yake imeshuka kama mfereji wa shambani. Pembeni nyasi zimeota, njiani ni vumbi tupu.

Mhudumu wa pale, kijana mpole na anayewapenda wale wanyama, akatuambia dume huyo anakula vizuri: nyama kila jioni, maji yapo, daktari anapita. Nilimwamini, maana mwili wake si wa mnyama mwenye njaa. Ndipo binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, kama ameshiba, anatafuta nini?" Nimefundisha baiolojia miaka tisa na sikuwa na jibu la kumpa mtoto yule.

Kizimba cha jirani kuna tumbili amejinyonyoa manyoya ya mkono mmoja mpaka ngozi inaonekana. Cha tatu, chatu amejikunja kwenye kona ya saruji kama kamba iliyotupwa.

Wenye kujua, nisaidieni. Nimewaahidi wanafunzi kwamba nitarudi na jibu.

Nyayo za Ruaha (#2)

Mwalimu, jibu liko miguuni kwake. Natembeza wageni Hifadhi ya Ruaha, mwaka wa kumi na mbili sasa. Fisi madoa anaweza kukata makumi ya kilomita kwa usiku mmoja akitafuta mzoga, akikagua mipaka ya ukoo wake, akisikiliza simba wameangusha nini. Mwili ule umeumbwa kwa safari. Ukiufungia kwenye hatua kumi na mbili, miguu haijui kwamba safari imefutwa, inaendelea tu.

Halafu umejuaje ni dume?

Mama Viazi Uyole (#3)

Mimi nafuga nguruwe na nalima viazi, ya porini siyajui sana. Ila mlikwenda saa ngapi? Nguruwe wangu ikifika saa kumi kabla sijagusa ndoo wanaanza kuzunguka banda. Hawaumwi, wanajua saa. Mnyama anayelishwa kila jioni mchana kutwa anasubiri jioni. Mimi naona huyo anasubiri chakula.

Mwalimu Chaki (#4)

Mama, tulifika saa nne asubuhi. Kama ni kusubiri, basi alianza mapema mno. Nyayo, dume nimeambiwa na mhudumu.

Nyayo za Ruaha (#5)

Basi usiandike "dume" kwenye jibu la wanafunzi. Jike la fisi madoa kwa nje anafanana na dume hata wataalamu wanababaika. Kule Sapporo, Japani, bustani moja ilihangaika miaka kadhaa kuwazalisha fisi wawili, 2014 ikagundulika wote ni madume. Jambo hili lina uzito kwenye swali lako, kwa sababu fisi anaishi kwa ukoo unaoongozwa na majike. Jike la cheo kikubwa likikaa peke yake limepoteza utawala wote. Dume akikaa peke yake amepoteza watu wa kuwanyenyekea. Wote wawili wana sababu ya kuhangaika, ila si moja.

Mlishaji Mstaafu (#6)

Kamweneee. Nimehudumia wanyama wa kufungwa miaka kumi na tisa, mingine nje ya mkoa, mingine hapa Iringa, sasa nimepumzika. Naomba nichangie kwa urefu kidogo.

Mama Viazi ana hoja na asipuuzwe. Kuna kutembea kwa kusubiri na kuna kutembea kwa mazoea yaliyooza. Vinatofautishwa hivi: mwangalie baada ya kula. Aliyekuwa anasubiri, akishiba analala. Akimaliza nyama, akalamba mdomo, akarudi kwenye mfereji wake palepale, jua ile tabia imejitenga na sababu iliyoizaa. Mwalimu, rudi siku moja jioni ukatazame. Usiulize, tazama.

Pili, anakula nini na anakulaje? Hapo ndipo bustani zetu ndogo zinapokosea kwa nia njema kabisa. Nyama inakatwa vipande, inawekwa kwenye beseni, mnyama anamaliza kwa dakika tano. Porini mnyama huyuhuyu chakula kinamchukua usiku mzima: kunusa, kukimbia, kugombana, kuvunja mfupa, kuficha kingine. Sisi tumempa tumbo lililojaa na saa ishirini na tatu za kukaa bure.

Nilichokuwa nafanya ni hiki. Nyama laini siku chache tu. Siku nyingine kichwa cha ng'ombe na ngozi yake, au paja lenye mfupa mzima. Taya la fisi limeumbwa kuvunja, likikosa cha kuvunja linavunja mlango. Siku nyingine chakula kinagawanywa sehemu sita, kinafichwa chini ya magogo, ndani ya kichuguu cha mawe, juu ya kamba anapolazimika kusimama. Na maji. Fisi anapenda kulala majini, hata mzoga anaweza kuuficha majini. Shimo la kina cha goti lililosakafiwa linatosha kabisa.

Kwa tumbili, mianzi. Huku kwetu mianzi ya ulanzi imejaa. Chukua pingili kavu ya unene wa mkono, acha fundo pande zote mbili, toboa matundu matatu ya ukubwa wa kidole, jaza karanga na punje za mahindi, ziba matundu mawili kwa majani makavu. Ninginiza. Tumbili aliyekuwa anamaliza chakula kwa robo saa atashinda nayo asubuhi nzima. Niliwahi kumtunza mmoja aliyejinyonyoa kama huyo wa Mwalimu. Manyoya yaliota upya, ilichukua miezi.

Wazungu wanaita kutajirisha mazingira. Mimi huwa nasema kumrudishia mnyama kazi yake.

Ndizi Tukuyu (#7)

Ndaga fijo mzee kwa darasa. Mimi hiyo bustani kama ndiyo ninayoifikiria, kuna kipunji pia kwenye kizimba cha nyuma. Nilimwona mwaka juzi.

Msitu wa Rungwe (#8)

Ndugu wa Tukuyu, hapana. Kipunji hafugwi popote. Anaishi misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone hadi Kitulo, na kundi dogo lingine Ndundulu kule Udzungwa. Dunia ya sayansi ilitangaziwa habari zake 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake zamani, watafiti wakidhani ni hadithi. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake. Ulichokiona ni mbega mchanga au nyani.

Ndizi Tukuyu (#9)

Alikuwa na nywele zimesimama kichwani lakini.

Msitu wa Rungwe (#10)

Hata mimi asubuhi zinasimama. Turudi kwa fisi.

Daktari wa Ng'ombe (#11)

Mleta mada, nasalimu. Natibu mifugo wilayani, mara chache naitwa kwa wanyamapori wa kufungwa.

Kabla ya kusema upweke, nafasi au kukosa kazi, mnyama achunguzwe. Jino lililooza, minyoo, jeraha la zamani kwenye nyonga, kasoro ya ubongo, vyote vinaweza kumfanya asitulie. Huko kugeukia upande mmoja tu kumenishtua kidogo. Anageuka kushoto kila mara au ni kwa sababu ya umbo la kizimba?

Nyingine ambayo hamjaigusa: alilelewa na nani? Wanyama wengi wa bustani ndogo walikuja wachanga, mama ameuawa au amekimbia, wakalelewa kwa chupa. Mnyama aliyetenganishwa na mama mapema mara nyingi anajenga tabia za kujirudia ukubwani hata ukimpa uwanja wa mpira. Kwa hiyo inawezekana kizimba mnachokilaumu si kilichomharibu. Alifika ameshaharibika.

Kuhusu Nyayo na safari za fisi, upande wake una ushahidi. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason wa Oxford walilinganisha spishi 35 za wala nyama waliofungwa. Waliokuwa na eneo kubwa la kuzurura porini ndio waliotembea huku na huko zaidi vizimbani, na watoto wao walikufa zaidi. Dubu wa barafu alikuwa miongoni mwa walioathirika kabisa.

Kamwene Iringa (#12)

Daktari umenikumbusha dubu Gus wa bustani ya Central Park, New York. Alikuwa anaogelea umbo la namba nane masaa na masaa kila siku. Mwaka 1994 wakaleta mtaalamu wa tabia. Wakaanza kumpa samaki ndani ya barafu, chakula cha kutafuta, vitu vya kuchezea. Akapungua kuogelea vile. Hakuacha kabisa, alikufa 2013.

Swali langu: kama kosa ni nafasi, mbona alipungua na bwawa lilikuwa lilelile?

Nyayo za Ruaha (#13)

Na kama kosa ni kazi, mbona hakuacha?

Mlishaji Mstaafu (#14)

Ndiyo maana nasema mazoea yaliyooza. Njia ikishachimbika ardhini imeshachimbika na kichwani. Unaweza kuizuia isiongezeke, kuifukia ni kazi nyingine.

Baridi ya Makete (#15)

Wakuu, mnazunguka mbali. Jumamosi iliyopita ni mwezi wa saba. Mbeya asubuhi mwezi wa saba hata mimi nisiyefungwa natembea kupata joto. Kizimba cha waya hakizuii upepo. Mpeni nyasi kavu na kibanda, atalala.

Nyayo za Ruaha (#16)

Kwa fisi nakupinga, ndugu. Ngorongoro ukingo wa kreta ni kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Mbeya mjini, na fisi wamejaa hadi chini ya kreta na hawatembei hivyo. Ila umenifanya nifikiri: wale wana pango la kuingia. Yeye ana waya pande nne.

Baridi ya Makete (#17)

Umekubali bila kukubali. Na chatu je?

Daktari wa Ng'ombe (#18)

Kwa chatu Makete yuko sahihi moja kwa moja. Nyoka hatengenezi joto lake, anaazima juani. Saruji ya kivulini mwezi wa saba inamnyonya. Chakula hakisagiki vizuri tumboni, kinga inashuka, mapafu yanaugua. Huyo hahitaji mchezo wowote, anahitaji jiwe linalopigwa na jua upande mmoja na kivuli upande wa pili achague mwenyewe. Kuchagua ndiyo habari yenyewe. Mnyama wa porini kila dakika anachagua, wa kizimbani amechaguliwa.

Dereva wa Tunduma (#19)

Nimesoma uzi wote kituo cha mizigo hapa. Nitasema kitu ambacho wengine wanaogopa. Kuna watoto wanakaa chini madarasani, kuna zahanati hazina dawa, na sisi tunajadili fisi kuchoka kukaa. Fisi kwetu alikuwa anakula mbuzi. Sina chuki, ila nauliza kipaumbele.

Mama Viazi Uyole (#20)

Mdogo wangu, pingili ya mwanzi ni shilingi ngapi? Kichwa cha ng'ombe machinjioni wanatupiwa mbwa. Hakuna dawati linalopungua hapo. Ingekuwa wanaomba mabilioni ningekuwa upande wako.

Mwalimu Chaki (#21)

Dereva, madawati yanayokosekana ni ya darasani kwangu, uchungu huo naujua. Lakini wanafunzi wale wale ndio waliosimama mbele ya waya. Nimewafundisha kwamba kiumbe hai kinaitikia mazingira yake. Nikiwaambia wasijali wanachokiona nitakuwa nimefuta somo.

Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Siyo jambo la huruma tu.

Dereva wa Tunduma (#22)

Mwalimu nimekusikia. Basi mimi nitatoa matairi chakavu, ninayo manne. Nimeona picha za bustani za nje wanyama wanachezea matairi.

Mlishaji Mstaafu (#23)

Mungu akubariki kijana wangu, lakini yapasuliwe kwanza yakaguliwe. Matairi ya malori yana nyaya za chuma ndani. Niliwahi kuona, mahali nilipofanya kazi, mnyama akatafuna tairi kuukuu, waya ukamtoboa fizi, tukakaa wiki mbili tunahangaika naye. Mimi ndiye niliyeliweka lile tairi. Kwa tumbili la kubembea ni sawa. Kwa fisi, mwenye taya lile, nisingethubutu.

Na magunia ya plastiki kabisa usiweke. Ya katani, sawa, ukikaa unamwangalia. Asali nayo: mara ya kwanza nilipaka asali kwenye gogo la nyani, wakaja nyuki wa mtaa mzima. Siku ile nyani hakuchangamka, alijificha.

Mzee wa Usangu (#24)

Vijana, mimi nawaacha mzungumze kisayansi, lakini nilivyolelewa, fisi anayezunguka mahali pamoja ana mwenyewe anayemwita. Tulikatazwa kumwangalia machoni.

Mwalimu Chaki (#25)

Shikamoo mzee. Hata mwanafunzi wangu mmoja alisema hivyo hivyo pale wayani, akarudi nyuma. Sikumkemea. Nilimwambia atazame nyayo za kwenye vumbi, azihesabu, kisha aniambie kama mwenye kuitwa angekuwa na haraka ileile kila raundi. Alihesabu. Akasema, "Mwalimu, ni kama saa ya ukutani."

Mzee wa Usangu (#26)

Marahaba. Mtoto mzuri huyo.

Jani la Chai (#27)

Niko Mufindi. Naona wote mnaongelea wanyama wakubwa, nami nina mfano mdogo sana kutoka jirani yetu, chura wa Kihansi. Hafiki sentimita 3. Aligunduliwa 1996 kwenye maporomoko ya Mto Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, aliishi hapo tu duniani, kwenye mvuke wa maporomoko. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, megawati 180, mvuke ukakatika. Mwaka huohuo wakachukuliwa vyura 499 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani. Baadaye ya Toledo nako. Porini 2009 ikatangazwa wamekwisha.

Kule vizimbani mwanzoni walikufa sana. Ikabidi watunzaji wajifunze: ukungu wa maji kiasi gani, mwanga wenye miale gani, wadudu wadogo gani. Walipopata, vyura wakazaana. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni, ambako kuna mabomba ya kunyunyizia ukungu.

Kwa hiyo kumrudishia mnyama mazingira yake siyo starehe. Kwa chura yule ndiyo ilikuwa tofauti ya kuwapo na kutokuwapo.

Daktari wa Ng'ombe (#28)

Mfano mzuri, ila unachanganya mambo mawili. Ukungu kwa chura ni hitaji la mwili, kama maji kwa samaki. Tunachojadili kwa fisi ni cha ziada: mahitaji ya mwili yametimia, kilichobaki ni akili na tabia.

Jani la Chai (#29)

Daktari, nani aliyechora huo mstari? Kabla hawajajua kuhusu mwanga, wangeweza kusema mahitaji ya mwili yametimia. Labda kutembea kwa fisi ni hitaji la mwili ambalo hatujalipa jina.

Mlishaji Mstaafu (#30)

Hapo mama au baba Jani la Chai umenena kitu nilichokifikiria miaka kumi na tisa bila kupata maneno yake.

Kamwene Iringa (#31)

Ushahidi mwingine wa upande wa kazi. Mwaka 1963 Glen Jensen alionyesha kwamba panya waliowekewa bakuli la chakula cha bure, bado walikwenda kubonyeza kitufe wapate chakula kilekile kwa jasho. Yaani kutafuta ni chakula chenyewe.

Daktari wa Ng'ombe (#32)

Ongeza na hili usije ukalibeba kama sheria: paka wa nyumbani walipojaribiwa miaka ya karibuni wengi walichagua sahani ya bure. Kila mnyama na hesabu yake.

Msitu wa Rungwe (#33)

Mimi nina msimamo mmoja mgumu. Mnapamba gereza. Tembo: utafiti wa 2008 ulionyesha tembo jike wa Afrika aliyezaliwa kwenye bustani za Ulaya, umri wake wa kati ni miaka 16.9, wakati porini, Hifadhi ya Amboseli kule Kenya, ni 56. Hayo mianzi na magogo hayafuti tofauti hiyo. Waachieni.

Nyayo za Ruaha (#34)

Nakusahihisha kidogo: 56 ni kwa waliokufa kifo cha kawaida. Ukiweka na waliouawa na binadamu inashuka hadi 35.9. Bado ni mara mbili, hoja yako inasimama.

Ila kumwachia fisi aliyelelewa kwa chupa, umwachie wapi? Ukoo wa fisi wa Ruaha utamrarua wiki ya kwanza. Asipokutana nao atakwenda kwa watu, maana kwa watu ndiko anakojua chakula kinatoka. Atauawa kwa mikuki au kwa sumu, na sumu inayomuua yeye itaua tumbusi mia. Nimeshaona mzoga wenye sumu. Siwezi kuusahau.

Msitu wa Rungwe (#35)

Basi wasichukuliwe wengine.

Nyayo za Ruaha (#36)

Hapo sina ubishi.

Mwalimu Chaki (#37)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki nne. Samahani kwa ukimya, nilitaka nije na kitu mkononi.

Nilizungumza na mhudumu, akazungumza na bosi wake, wakakubali. Wanafunzi watatu walikaa nami kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kila dakika tano wanaandika: anatembea, amelala, ananusa, anakula, mengineyo. Jumamosi ya kwanza hatukuweka chochote. Ukurasa ulijaa "anatembea" tangu juu hadi chini. Jioni yake nilibaki kama mzee Mlishaji alivyoniagiza. Alikula, akanywa, akarudi kwenye mfereji.

Ya pili tukaweka paja la ng'ombe lenye mfupa, tukanyunyiza kinyesi cha tandala kutoka kizimba cha nyuma kwenye magogo mawili. Alisimama. Sijui niwaelezeje, watoto walishikana mikono. Alinusa gogo la kwanza muda mrefu, akajisugua bega na shingo, kisha akalala na mfupa kati ya miguu akiuvunja, sauti inasikika hadi getini. Alitembea kidogo tu asubuhi ile.

Ya tatu tukaweka vilevile. Akachukua mfupa, akaumaliza, kinyesi hakukijali. Saa nne na nusu alikuwa njiani tena.

Ya nne mvua ya ajabu kwa msimu huu ilinyesha, hakuja mgeni hata mmoja. Hatukuweka kitu. Na karibu hakutembea kabisa. Alilala kwenye kona ya tangi.

Halafu mhudumu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Ile nguzo anayoigusa kwa shingo, nyuma yake palikuwa na kizimba cha fisi wa pili. Alikufa miaka miwili iliyopita. Kizimba kikabomolewa, nguzo ikabaki.

Mama Viazi Uyole (#38)

Mwalimu, umenifanya niweke simu chini.

Nyayo za Ruaha (#39)

Basi ni upweke. Fisi hujisugua shingo na mabega kwenye harufu kali. Kupaka harufu yake mwenyewe hutumia tezi za nyuma. Pale nguzoni anatafuta harufu ya mwenzake.

Kamwene Iringa (#40)

Miaka miwili ya mvua na jua, harufu gani imebaki? Mimi naona Jumamosi ya nne ndiyo inasema: hapakuwa na watu. Ni kelele zetu. Wanafunzi arobaini wanapiga mayowe, yeye hana pa kujificha.

Baridi ya Makete (#41)

Au mvua ilimlaza kama inavyolaza kila kiumbe. Na mvua ikinyesha wingu linazuia baridi ya usiku. Sijarudi nyuma.

Daktari wa Ng'ombe (#42)

Jumamosi nne haziwezi kubeba mzigo wa hoja hizi zote. Nyonga ilipigwa picha?

Mwalimu Chaki (#43)

Bado, Daktari. Mashine iko mbali. Ila nimeangalia ulichouliza: ukimzuia kwa gogo anageukia kulia bila shida.

Daktari wa Ng'ombe (#44)

Hiyo ni habari njema. Inapunguza hofu yangu ya ubongo, haiiondoi.

Mlishaji Mstaafu (#45)

Mwalimu, kosa la Jumamosi ya tatu ni letu sote tuliokushauri bila kumaliza. Kitu kikirudi vilevile mahali palepale, si kipya tena, kimekuwa beseni lingine. Tengeneza ratiba isiyotabirika: leo mfupa alfajiri, kesho hakuna, keshokutwa harufu ya mdalasini au iliki, siku nyingine magogo yamehamishwa tu. Mhudumu achague kwa kuchomoa karatasi mfukoni, hata yeye asijue mapema. Na kabla ya yote wekeni kizuizi cha macho: nusu ya waya ifunikwe kwa mabua ya mahindi au matete, apate mahali pa kutoonekana. Hapo hoja ya Kamwene itajipima yenyewe.

Nguzo msiing'oe. Sijui ni ya nini kwake. Msiing'oe.

Dereva wa Tunduma (#46)

Matairi yangu mawili yamefika kwa tumbili, nimeyapasua na kuyakagua mwenyewe, yale yenye waya nimeyaacha. Nilisimama kumwangalia akibembea mpaka nikachelewa mzani.

Mwalimu Chaki (#47)

Ameanza kuota manyoya mekundu mafupi mkononi, au ni macho yangu. Binti aliyeniuliza swali la kwanza anasema ni macho yangu.

Jumamosi tunafunika waya. Matete ninayo. Nahitaji pingili kama ishirini za mianzi. Mama Viazi, huko kwenu kuna mtu anauza?

Mama Viazi Uyole (#48)

Nyuma ya nyumba yangu ipo, usinunue. Njoo Jumatano jioni, uje na msumeno, wa kwangu umekufa meno.